Maswali na majibu: Upasuaji wa kifundo cha mkono kilicholika

SWALI: Daktari, nina miaka 52. Mfupa wa kifundo upande wa kidole gumba ulivunjika zamani na haukuunga. Nimeambiwa nichague kati ya kuondolewa mifupa mitatu na kuunganishwa minne. Upi hudumu zaidi?

JIBU: Upasuaji wa kwanza huondoa safu ya mifupa iliyo karibu na kigasha, ili kapitati, mfupa wa katikati wa safu ya pili, uegemee radiasi, mfupa wa kigasha wa upande wa kidole gumba, moja kwa moja. Wa pili huondoa skafoidi peke yake, yaani mfupa wako uliovunjika, kisha minne ya jirani hufungwa kwa skrubu, bamba au waya mpaka iungane. Wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka 10 na zaidi wamepata nafuu ya maumivu na nguvu ya kushika zinazokaribiana. Hata hivyo, kuondoa safu huacha kifundo kikipinda zaidi kidogo, ilhali kuunganisha kuna hatari ya mifupa kutounga, hasa kwa mvutaji sigara, au vyuma kusumbua. Kwa umri wako ningependelea kuondoa safu, mradi gegedu, yaani utando laini unaofunika ncha ya mfupa, la kichwa cha kapitati ni zima. Likiwa limelika, njia hiyo haifai.

SWALI: Nami ni seremala wa miaka 30. Je, jibu ni hilo hilo?

JIBU: Ningesita. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, vifundo 22 vilivyoondolewa safu vilifuatiliwa kwa angalau miaka 10. Vinne vilishindwa, na vyote vilikuwa vya watu waliopasuliwa wakiwa na miaka 35 au chini yake. Idadi ni ndogo, lakini inatosha kuwafanya wapasuaji wengi wawe waangalifu kwa vijana wa kazi nzito.

SWALI: Niliondolewa safu miaka 8 iliyopita. Eksirei inaonyesha gegedu linakwisha, ila siumwi.

JIBU: Hali hiyo ni ya kawaida, na mara nyingi picha na maumivu haviendi pamoja. Usipasuliwe kwa sababu ya picha.

SWALI: Mama yetu ana baridi yabisi katika vifundo vyote viwili. Je, awekewe viungo bandia?

JIBU: Kukaza kifundo kizima, yaani kuunganisha mifupa yake na radiasi, ndiko kunakoondoa maumivu kwa uhakika zaidi; hakitapinda tena, ingawa kiganja kitaendelea kugeuka juu na chini. Kiungo bandia huhifadhi mwendo, lakini sehemu yake ya upande wa kiganja huweza kulegea kadiri miaka inavyopita, na ni lazima aache kubeba mizigo mizito. Mikono yote miwili ikikazwa, kujisafisha msalani na kufunga vifungo vya nguo huwa shida. Muulizeni daktari wake kama mmoja unaweza kukazwa, na ule anaojistiria ukaachiwa mwendo.