Sikio linauma ila naambiwa ni zima

SWALI: Shikamoo dokta. Sikio langu la kushoto linauma muda mrefu sasa, mara linaziba mara linavuma, na nimeshaangaliwa naambiwa ni safi halina kitu. Sasa hivi hata magego ya upande huohuo yanauma nikiamka asubuhi, nimeamua nikang'oe moja. Nifanye hivyo?

JIBU: Marahaba. Dada yangu, hilo jino usiling'oe kwanza, nakuomba sana. Weka kidole mbele kidogo ya tundu la sikio halafu fungua mdomo taratibu na ufunge, hapo unaposikia kitu kinacheza ndo kiungo cha taya, kimepakana kabisa na sikio, na neva (mshipa wa fahamu) inayobeba maumivu yake ndo hiyohiyo inayohudumia meno, panja na sehemu ya sikio, kwa hiyo ugonjwa unaweza kuwa kwenye taya wewe ukausikia kwingine kabisa. Wengi wanajua ile dalili ya taya kulia "ka" au kugoma kufunguka tu, wakati kuna watu wanapata kizunguzungu, kichwa kuuma kwenye panja, shingo kukaza, na taya halijawahi kulia hata siku moja. Tena mlio peke yake bila maumivu mara nyingi hauhitaji hata tiba.

Hiyo ya asubuhi inanifanya nihisi unabana au unasaga meno usingizini. Angalia kwenye kioo kama ulimi una alama za meno pembeni, na fungua mdomo ujaribu kama vidole vitatu vilivyosimama vinapita kati ya meno ya mbele, visipopita taya halifunguki vya kutosha.

Nenda kwa daktari wa meno akague hayo magego na akubonyeze misuli ya taya, anaweza kukutengenezea kifaa cha plastiki cha kuvaa kwenye meno usiku. Kwa sasa kula vitu laini, achana na chingamu, weka kitambaa cha uvuguvugu, na mchana midomo ifunge lakini meno yasigusane (hili watu wanalidharau, na linasaidia kweli). Wengi wanapata nafuu bila upasuaji, daktari akikuanzia na kisu au kukupunguza meno kwa kuyasaga tafuta mwingine.

Ila ukiona uvimbe, homa au usikivu unapungua usikae nyumbani. Na kwa wasomaji waliopita miaka 50, taya kuuma ukitafuna pamoja na maumivu mapya ya kichwa au macho kufifia, au kwa umri wowote taya kuuma huku kifua kinabana, hiyo ni hospitali sasa hivi, usisubiri kesho.