Pesa chini ya baibui

SWALI: Shikamoo bibi. Kila mwezi nashuka kutoka Wete, Pemba, kuja soko la Darajani, Unguja, kununua vitambaa. Pesa nafunga kiunoni chini ya baibui, lakini kifuko cha plastiki kinanitoa vipele, na nikikaa botini kinanifinya tumbo. Nichague kipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo plastiki tupa. Changu nimeshonewa kwa kitambaa cha marekani, pamba tupu inayonyonya jasho, ukanda wa vidole vitatu, zipu upande wa mwilini. Kiweke ubavuni juu ya nyonga, si tumboni. Kabla hujalipa, kijaribu umekaa, kisha uiname. Nauli weka mkobani, usije ukapandisha baibui mbele ya makuli wa bandari ya Malindi! Kibindo cha kanga kilimtosha mama yangu, lakini yeye alibeba sarafu.