Chumba Chenye Kila Kitu Japani: Piga Hesabu ya Kuingia Mpaka ya Kutoka

Juzi kijana mmoja wa Morogoro ameniandikia. Amepata nafasi kwenye shule ya lugha Tokyo, muhula wa Aprili, na ujumbe wake aliuambatanisha na picha ya tangazo la chumba. "Shikamoo dada. Hiki kina kitanda, friji, mashine ya kufulia, mpaka intaneti. Yeni 2,900 kwa siku. Nimezidisha mara 30, ni 87,000 tu. Ila rafiki yangu aliyeko huko anasema naibiwa, nitafute chumba kitupu cha 60,000. Nimsikilize nani?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilimjibu pembeni, lakini maswali ya namna hii huniandama kila Aprili na Oktoba zinapokaribia, maana ndiyo miezi ambayo shule nyingi huku hupokea wanafunzi. Kwa hiyo leo nayaandika yote hapa. Naishi Kawasaki, mji jirani na Tokyo, nafanya kazi kwenye kampuni inayouza magari yaliyotumika kwenda Dar es Salaam na Mombasa, na nyumba ninayokaa sasa ina jina langu kwenye mkataba. Nimeipigania, na niliyoyaona njiani ndiyo yanayonipa kifua cha kuwaambia wengine.

Nianze na huyo rafiki, kwa sababu hata mimi niliambiwa hayohayo. Nilipofika nilichukua chumba chenye samani, yeni 95,000 kwa mwezi, umeme, maji, gesi na intaneti ndani yake. Watanzania wenzangu walinisema sana. Mmoja aliniambia mbele za watu kwamba nina hela za kuchezea. Yeye alikuwa amepata chumba kitupu kwa karibu nusu ya bei hiyo na alikuwa akijisifu nacho.

Chumba kitupu cha Japani ni kitupu kwelikweli. Hakina friji, hakina pazia, mara nyingi hakina hata jiko, na vingi havina taa ya dari. Unakuta soketi tu juu na taa unanunua mwenyewe. Gesi haifunguki mpaka upige simu kampuni ya gesi, waje, na wewe uwepo nyumbani. Yule ndugu yetu alilala sakafuni kwa koti lake mwezi wa pili, baridi ile ya Kanto, yaani ukanda huu wa Tokyo, akisubiri godoro. Mimi usiku wangu wa kwanza nilioga maji ya moto, nikalala kitandani, asubuhi nikaenda kazini. Sikuwajibu neno, niliwaacha wapige hesabu wenyewe.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua hicho chumba kitupu cha yeni 60,000. Siku ya kusaini unalipa kodi ya mwezi wa kwanza, 60,000. Amana, ambayo kwenye matangazo utaiona kama shikikin, mara nyingi ni mwezi mmoja: 60,000. Halafu reikin, kilemba cha mwenye nyumba, ambacho ukishakitoa hakirudi: 60,000 nyingine. Dalali anaruhusiwa kuchukua mpaka kodi ya mwezi mmoja, na ushuru wa asilimia 10 juu yake: 66,000. Kampuni ya udhamini, ile inayokusimamia kwa mwenye nyumba usipolipa, inataka nusu ya kodi mpaka kodi nzima, yaani 30,000 hadi 60,000. Bima ya moto ya miaka miwili ni kama 15,000 hadi 20,000, na kubadilisha kitasa ni kiasi kama hicho hicho. Jumla inakuja kati ya yeni 306,000 na 346,000, na hujanunua hata sufuria. Sisi tuliozoea wenye nyumba wa Dar kudai miezi sita kwa mkupuo tunadhani Japani ni nafuu kwa sababu kodi inalipwa kila mwezi. Mlango wa kuingilia ndio unaokula pesa.

Sasa tangazo la kijana wetu. Hiyo 2,900 ni kodi peke yake. Nilikuza ile picha, na chini kabisa kulikuwa na gharama za umeme, maji na gesi, 900 kwa siku, na usafi wa kutoka, 27,000. Kwa hiyo mwezi ni 3,800 mara 30, yaani 114,000, na ukiweka usafi ni 141,000. Siyo 87,000 hata kidogo. Lakini usafi unalipwa mara moja tu. Akikaa miezi sita, jumla yake ni 711,000.

Rudi kwenye chumba kitupu kwa miezi hiyo sita: 306,000 za kuingilia, miezi mitano iliyobaki 300,000, vitu vya ndani vya bei ya chini tuseme 80,000, umeme, maji, gesi na intaneti tuseme 15,000 kwa mwezi, yaani 90,000. Inafika 776,000. Hata akirudishiwa amana yote, ni 716,000. Umeona? Kwa nusu mwaka wako sawa, na huyu wa samani hajabeba friji mgongoni. Tena mikataba mingi ya vyumba vitupu ina adhabu ya kodi ya mwezi mmoja ukitoka kabla ya mwaka kuisha. Na friji na mashine ya kufulia Japani hutupi tu jalalani: sheria iliyoanza kazi 2001 inakutaka ulipie kuvichakata, pamoja na televisheni na kiyoyozi.

Ukikaa mwaka mzima ndipo chumba kitupu kinashinda, na katika mfano huu kinashinda kwa zaidi ya 150,000. Basi chini ya miezi sita chukua chenye samani na usisikilize kelele za mtu. Zaidi ya mwaka, nenda kwenye kitupu. Katikati hapo, kaa chini na kalamu.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu haiwezi kulionyesha. Ukiingia Japani kwa viza ya muda mrefu unapewa kadi ya ukaazi, na ukishapata pa kukaa una siku 14 za kwenda ofisi ya manispaa kuandikisha anwani. Bila anwani hiyo akaunti ya benki ni shida, na bila akaunti laini ya simu ni shida. Dalali naye, unapomfuata kutafuta chumba kitupu, anakuuliza namba yako ya simu ya Japani na akaunti yako. Mtu aliyeshuka uwanja wa ndege jana atatoa wapi? Chumba chenye samani ndicho kinachokata mzunguko huo, kwa sababu wengi wa wanaovipangisha wamezoea wageni na mkataba unaweza kuufanya ukiwa bado nyumbani. Lakini uliza kwa maandishi kabla hujalipa: je, naruhusiwa kuandikisha anwani hapa? Wapo wanaokataa. Na nyumba za kulala watalii, zile ambazo sheria ya 2018 imezipa kikomo cha siku 180 kwa mwaka, hazifai kabisa kwa kazi hiyo.

Nifike sasa kwenye lile ambalo bado linaniuma.

Miezi ilipopita nilianza kutafuta nyumba yangu. Niliingia ofisi ya dalali karibu na stesheni. Kijana mpole, alinikaribisha chai, akanitolea makaratasi ya nyumba kadhaa nzuri. Nilikuwa na barua ya mwajiri, hati za mishahara, kadi yangu ya ukaazi. Alichukua karatasi ya kwanza, akapiga simu kwa mwenye nyumba, nami nimekaa mbele yake. Akaeleza kazi yangu, akaeleza mshahara wangu, mambo yakaenda vizuri. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mteja ni mgeni. Kimya. Akainamisha kichwa kuiomba simu radhi, akakata, akaigeuza karatasi kifudifudi mezani. Akachukua ya pili. Ikageuzwa. Ya tatu, ikageuzwa vilevile. Kijapani changu wakati huo kilikuwa kinatosha, nilielewa kila neno. Hakuna aliyeuliza kama nalipa kwa wakati, hakuna aliyetaka kuniona.

Nilitoka pale nikatembea mpaka mtoni, Tama, nikasimama. Mimi kwetu ni mtoto wa mtu. Baba yangu alipangisha vyumba uani kwetu miaka mingi, na sijawahi kumsikia akimkatalia mtu kwa sababu ya alikotoka.

Baadaye nikajua siko peke yangu. Mwaka 2017 Wizara ya Sheria ya Japani ilitoa matokeo ya uchunguzi kuhusu wageni wanaoishi huko. Kati ya waliotafuta nyumba katika miaka mitano iliyotangulia, karibu asilimia 39 walisema wamewahi kukataliwa kwa sababu ni wageni, na karibu asilimia 41 kwa sababu hawakuwa na mdhamini Mjapani. Hizo ni takwimu za serikali yao wenyewe. Nawaambia wadogo zangu hivi: mkikataliwa, msijichunguze mmekosea nini. Msianze kubadilisha nywele wala kujifanya wadogo. Weka makaratasi yako sawa, toka ofisi moja, ingia nyingine.

Na ipo milango isiyokuuliza umetoka wapi. Shirika la nyumba linaloitwa UR halina kilemba, halina ada ya udalali, halitaki mdhamini, wala halikulipishi ada ya kurefusha mkataba. Unaweka amana ya miezi miwili na kuonyesha kipato cha kutosha, na asiyefikia kipato hicho kuna njia ya kulipa kodi mbele. Majengo yake mengi ni ya zamani na vyumba ni vitupu, lakini mgeni mwenye kadi ya ukaazi wa muda mrefu anapokelewa kama mtu mwingine. Ndiko niliko mimi. Siku niliyopewa funguo nilimpigia mama, na wote wawili hatukusema cha maana kwa dakika nzima.

Kwa mwanafunzi asiye na kipato, kuna nyumba za kushirikiana: chumba chako kina kitanda na meza, jiko na bafu ni vya wote. Hakuna kilemba, amana ni ndogo, na kampuni kadhaa zinaandika mkataba kwa lugha nyingine zaidi ya Kijapani. Mimi ningekuwa na miaka 20 ningeanzia huko, hata kwa sababu ya Kijapani tu, maana jikoni ndiko kinakoshika.

Unapochagua chumba chenye samani, ukubwa utaandikwa kwa mikeka ya tatami. Mikeka 6 ni kama mita 10 za mraba, kitanda na begi vikishaingia umekwisha. Umbali kutoka stesheni unahesabiwa mita 80 kwa dakika, bila kujali kilima wala begi lako. Ulizia jiko. Vyumba vingi vya muda vina koili moja ya umeme isiyo na nguvu, na ugali juu yake hausongeki, utakula uji mzito. Ulizia kama mashine ya kufulia iko ndani au ni ya sarafu kule chini. Kuta ni nyembamba: sisi tunaopiga simu nyumbani saa nne usiku ya huku, ambayo Dar ni saa kumi jioni, ndio tunaolalamikiwa na majirani. Pasi na hita za maji msibebe, umeme wa huku ni volti 100. Na dalali halali analazimika na sheria kukusomea masharti muhimu ya nyumba kabla ya kusaini. Anayekuharakisha utume pesa kwenye akaunti ya mtu binafsi kabla ya kuona mkataba, mwache aende.

Siku ya kuingia piga picha kila kitu. Kila mkwaruzo wa meza, kila doa la godoro, mlango wa friji, sakafu chini ya kitanda, na uzitume siku hiyohiyo kwa barua pepe kwa wenye chumba ili tarehe ibaki. Mimi nilipotoka kwenye chumba changu cha samani nilidaiwa pesa za meza iliyochubuka, nje ya ada ya usafi. Niliwatumia picha yangu ya siku ya kwanza, mchubuko ukiwepo palepale. Dai likafutwa bila mabishano. Sheria ya Kiraia iliyorekebishwa, iliyoanza Aprili 2020, inasema wazi kwamba uchakavu wa kawaida si mzigo wa mpangaji, na sentensi hiyo unaweza kuitaja kwa heshima na bado ukaeleweka.

Ukiwa tayari kuhama kwenda nyumba yako, usitafute mwezi wa tatu. Wanafunzi wapya na waajiriwa wapya wa nchi nzima wanahama wakati huo, na mwenye nyumba ana watu wa kuchagua. Subiri joto la mwezi wa saba au wa nane, vyumba vimekaa, wenye nyumba wamelegea. Hapo mwombe dalali akuulizie kama reikin inaweza kuondolewa, na toa taarifa ya kuhama kwenye chumba cha samani kwa muda ulioandikwa kwenye mkataba, kwa kawaida mwezi mmoja, baada ya kusaini kule unakokwenda.