Simba haijui kama sikuja

Swali la wiki la jarida lenu lilikuwa hili: "Shabiki asiyekwenda uwanjani ni shabiki kweli?" Nimeyasoma majibu ya mwanzo. Lililonikera ni la kaka mmoja wa mjini Unguja, aliyesema kuwa asiyekata tiketi ni mpenzi wa kelele tu na kwamba mapenzi ya mpira hupimwa getini. Hukumu nyepesi hiyo. Wala siwaungi mkono wale waliomjibu kuwa mapenzi yamo moyoni na yanatosha. Mie ni fundi cherehani, nakaa Wete, redio yangu haizimwi tangu asubuhi, na uwanjani nakwenda. Hebu niseme ninavyoliona jambo hili kutoka huku kwetu Pemba.

Kwanza, uwanja gani? Mshabiki wa hapa kwetu ana timu tatu kwa uchache. Ana Simba au Yanga, ana timu yake ya Uingereza, na ukimbana sana atakwambia ana timu ya kwao. Ya Uingereza tuiache, hiyo ni visa na ndege. Simba na Yanga ni boti hadi Unguja, boti nyengine hadi Dar es Salaam, pahala pa kulala, na kazi uliyoiacha nyuma inakusubiri. Mtu wa Konde ukimwambia si Yanga kwa sababu hajakanyaga Uwanja wa Benjamin Mkapa, utakuwa umempima mfuko. Wapo wazee hapa Wete ambao Simba na Yanga wamezifuata kwa redio tangu ujana wao, na ukianza kubishana nao kuhusu kikosi cha mwaka fulani utajuta.

Tena mara nyengine bahari yenyewe hutuonea huruma. Mwezi wa tano 2025 Simba ilicheza marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika pale Amaan, Unguja, dhidi ya RS Berkane ya Moroko. Ikaisha 1-1, na kombe likenda zake kwa sababu kule kwao walikuwa wameshatufunga mbili. (Nimesema "wameshatufunga". Mie Yanga, lakini siku ile hata mie nilijikuta natafuna kucha.) Kaka yangu alipanda boti kwenda. Aliporudi hakuwa na sauti wiki nzima. Je, kabla ya siku ile hakuwa Simba?

Halafu kaka wa Unguja amesahau kwamba si kila mtu ana ruhusa ya kila pahala. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa Ulaya huanza saa nne au saa tano usiku, na kwenye banda la kuonyeshea mpira, pamoja na moshi wa sigara na matusi yake, mwanamke akionekana kule kesho mtaa mzima unayo habari. Kwa hiyo mie mpira wa Ulaya nausikia kesho yake kwa wateja wanaokuja kupima kanzu. Ajabu ni kwamba uwanjani nakwenda kwa urahisi zaidi kuliko bandani. Uwanja wetu wa Gombani, Chake Chake, mechi ni mchana kweupe, saa kumi alasiri. Nashuka Chake kwa gari ya abiria, najifunga mtandio wangu vizuri, natafuta kivuli. Mara zote atatokea mwanamme mmoja wa kuniuliza, "Bi mkubwa, umemfuata nani?" Nikimjibu kuwa nimemfuata winga wa kushoto, atacheka, kisha atauliza tena kwa sauti ya chini kama huyo winga ni mume wangu au mwanangu.

Sasa niwaeleze nilichokiona Gombani msimu uliopita, maana ndicho kilichonifanya nichukue kalamu. Jamhuri, timu yetu ya Wete, ilikuwa inacheza, na jukwaani tulikuwa watu wa kuhesabika. Mbele yangu alikaa mzee mmoja, kofia ya viua, sikio moja limechomekwa waya wa redio. Yanga nayo ilikuwa inacheza Dar es Salaam saa ileile. Kipa wa Jamhuri alikuwa ameweka mpira chini apige goli kiki, uwanja kimya, mara mzee akaruka: "Goli! Goli hilo!" Kipa akainua kichwa, akatazama nyuma ya wavu wake. Mshika kibendera akageuka. Hata mchuuzi wa njugu alisimama. Mzee akapunga mkono kuelekea uwanjani: "Samahani baba, si lako hilo, piga mpira!" Kipa alicheka mpaka akaupiga mpira nje.

Tukacheka, tukadhani yule ni mtu aliyekuja kupunga upepo tu. Kipindi cha pili kijana mmoja wa Jamhuri akapata mpira peke yake na goli, akapiga kwa mguu wa kushoto, ukagonga mwamba. Mzee akauchomoa ule waya sikioni kwa hasira, akasimama wima: "Wee! Nimekwambia tangu skuli, mguu wako wa kulia huo unamwekea nani?" Yule kijana akageuka, akamtazama, akaweka mkono kifuani kuomba radhi. Alimjua, na mzee alimjua yeye, mama yake, nyumba yao, na mguu gani unamsaliti.

Namuuliza kaka wa Unguja: mzee huyu alikuwa shabiki wa nani pale? Yanga alikuwa ameipa sikio na Jamhuri ameipa macho. Kwa Yanga alipiga ukelele ambao hakuna hata mchezaji mmoja wa Yanga aliyeusikia. Kwa Jamhuri alisema maneno machache, na mtu akaweka mkono kifuani.

Hapo ndipo ninapoliona jibu langu. Simba haijui kama sikuja, wala Yanga. Nikae nyumbani nishone, niende nisiende, uwanja wao utajaa au hautajaa bila ya habari yangu. Kwao mapenzi yangu ni halali, matamu, hata yananitoa machozi, lakini upande wa pili hakuna anayeyapokea. Timu ya kwetu, watu wakiwa haba jukwaani, kiti changu kikiwa kitupu kinaonekana. Nikipotea kidogo mchuuzi wa njugu huniuliza kama nilikuwa naumwa. Kwa hiyo mimi siulizi kama shabiki lazima aende uwanjani. Nauliza kama kuna timu itakayopungukiwa na kitu asipokwenda. Kama ipo, na yumo ndani ya mwendo wa gari ya abiria, na kazi imemruhusu, na bado anabaki barazani akibishana juu ya Arsenal, basi huyo nami nina neno naye. Kiingilio cha mechi zetu hakimshindi mtu anayenunua kifurushi cha intaneti kila kukicha.

Lakini nisiwalaumu watu tu. Mbona zamani viwanja vilijaa? Wazee watakwambia mwaka 1995, Zanzibar ilipochukua Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, na Malindi ikafika nusu fainali ya Kombe la CAF, shirikisho la mpira la Afrika, mpira ulikuwa ndio mazungumzo ya kila pahala. Sababu wanazozitoa ni televisheni, Simba na Yanga, vijana wa siku hizi. Mie naongeza moja inayosemwa kwa kunong'ona: timu ni ya nani? Malindi, Miembeni, Mlandege, Kikwajuni, hayo ni majina ya mitaa. Mtu alikwenda uwanjani kwa sababu mchezaji alikunywa maji kwenye mtungi wa nyumba yao. Miaka ya karibuni ubingwa wetu umekuwa ukizunguka sana kwa timu za vikosi vya serikali: KMKM, JKU, Mafunzo, Zimamoto. Siwabezi. Wamewapa vijana wetu ajira na mshahara wa kila mwezi, na bila ya wao sijui ligi ingekuwa wapi. Ila mtaa wa KMKM ni upi? Bibi gani atatoka nje kupiga vigelegele kwa sababu Jeshi la Kujenga Uchumi, yaani JKU, limefunga? Wafanyakazi wenzao watakuja, na familia zao, na ndivyo inavyopaswa. Sisi wengine tunatazama kwa heshima, tunapiga makofi, tunakwenda zetu.

Ushahidi ni ndondo. Nendeni mkaangalie mashindano ya mitaani, kama Yamle Yamle kule Unguja, au hata bonanza la kijiji kwa kijiji huku kwetu, uwanja wa mchanga hauna hata kivuli. Watu wanapanda miembe na juu ya mapaa ya maduka. Hao ndio haohao tunaoambiwa kuwa wamelishwa televisheni mpaka hawana hamu ya kwenda uwanjani.

Na mtaa ukirudi kwenye mpira mkubwa, utaona mambo. Januari 2024 nilikuwa Unguja kwa dada yangu, fainali ya Kombe la Mapinduzi, Mlandege na Simba, Amaan mpya imefunguliwa juzijuzi tu. Tuliitazama nyumbani. Shemeji yangu ni mtoto wa Mlandege, amezaliwa pale, mama yake yupo pale mpaka leo, na siku ile amevaa jezi nyekundu ya Simba. Mlandege ikapata bao moja kipindi cha pili. Shemeji hakusema kitu. Alivuta mto, akaukumbatia, na kila dakika akimwomba Mungu Simba isawazishe. Haikusawazisha. Filimbi ya mwisho ilipolia tulianza kusikia honi za pikipiki na vigelegele vinatoka upande wa kwao. Akasimama mlangoni muda, akavua jezi, akavaa shati, akasema anakwenda kumtazama mama. Alirudi saa sita usiku amelowa jasho, anatwambia namna "tulivyowafunga". Dada yangu alimwangalia tu. Kombe hilo Mlandege ilikuwa imelichukua mwaka uliotangulia pia, lakini safari ile ilikuwa ni mbele ya Simba, na Simba yenyewe ilikuwa na mashabiki wake ndani ya nyumba za mtaa uleule.

Huku Pemba siku yetu ilikuwa Januari 2025. Kombe la Mapinduzi lililetwa Gombani, likachezwa na timu za taifa, na tarehe 13 Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali. Nimekwenda Gombani mara nyingi, sijapata kuuona vile. Watu walitoka Micheweni, Mkoani, visiwani huko, na wanawake tulikuwa wengi mpaka hakuna aliyeniuliza nimemfuata nani. Kumbukeni kwamba timu hii haina kiti FIFA. CAF nayo ilitupa uanachama mwezi wa tatu 2017, mwezi wa saba ikatupokonya. Mwisho wa mwaka uleule Heroes wakenda Kenya, wakatoka 2-2 na wenyeji kwenye fainali ya Chalenji, wakapoteza kwa penalti, na waliporudi tuliwapokea kama mabingwa. Kombe la Dunia hatulichezi wala Kombe la Afrika, kwa hiyo hakuna anayeishabikia timu ile kwa kutegemea makubwa. Tulikwenda kwa sababu ni yetu, na tulijua tusipokwenda hakuna mwengine atakayekwenda badala yetu.

Pembeni kidogo: uaminifu huwa tunawadai wachezaji pia, tena kwa ukali. Feisal Salum, Fei Toto wetu, alipotaka kuondoka Yanga na hatimaye kutua Azam mwaka 2023, nilisikia mabarazani maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mpira ndio kazi yake. Waliomtukana zaidi ni wale ambao alipokuwa JKU, kabla hajavuka kwenda Yanga mwaka 2018, hawakuwahi kulipa kiingilio kumtazama. Mtu hukumjua akiwa jirani, leo unamdai ndoa ya kufa na kuzikana.

Sasa kwa wenye klabu, maana jarida hili najua mnalisoma. Mnatutaka tuje, basi ratiba isiwe siri. Mara ngapi tunasikia mechi imechezwa jana, au imesogezwa, au imehamishiwa uwanja mwengine, na aliyejua ni kocha na muamuzi? Tangazeni mapema, hata kwa kipaza sauti cha gari kama mnavyotangaza harusi. Mechi ianze baada ya watu kuswali alasiri, na iishe na gari za Wete na Mkoani bado zipo. Na kwa kuwa hakuna mwanamme atakayelisema, nitalisema mie: vyoo vya wanawake katika viwanja vyetu vingi ama havipo, ama ufunguo anao mtu ambaye hayupo. Dada zangu wawili wanaoupenda mpira kuliko mie hawaji kwa sababu hiyo moja tu. Timu yao wanaijua, na kiingilio wanacho.

Kaka wa Unguja, nikija mjini mwezi ujao nitakwenda Uwanja wa Mao kutazama mechi ya ligi, yoyote itakayokuwepo. Ukiwa pale nitakulipia njugu. Uniambie tu timu ya mtaa wako ni ipi, na kipa wao anaitwa nani.