Pochi ya ngozi nyembamba: mshono unachanika, kingo zinaota manyoya

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nashona pochi za ngozi ya mbuzi hapa Masasi, unene kama milimita 1. Kingo naziacha zilivyokatwa, napaka gundi ya viatu, nashona kwa cherehani ya miguu, sindano namba 18, mishono ya karibu karibu ili ishike vizuri. Wiki chache tu ngozi inachanika kwenye mstari wa mshono na kingo zinaota manyoya. Nakosea wapi?

JIBU: Nzuri, fundi mwenzangu. Angalia pochi iliyorudi: uzi uko mzima, kilichokatika ni ngozi. Kwenye kitambaa sindano hupenya kati ya nyuzi, lakini kwenye ngozi hutoboa, na tundu halizibiki tena. Sindano namba 18 ina unene wa milimita 1.1. Ukitoboa kila baada ya milimita 1.5, kati ya tundu na tundu inabaki ngozi ya milimita 0.4 tu. Hapo umeandaa stempu ya kuchanwa.

Tumia sindano ya ngozi namba 14 (milimita 0.9), uzi mwembamba wa polista au nailoni, usiwe wa pamba, na hatua (urefu wa mshono mmoja) ya milimita 3. Sasa kati ya matundu zinabaki milimita 2 na ushee. Mwisho wa mshono usirudishe cherehani nyuma, maana unatoboa upya palepale. Vuta nyuzi zote mbili upande wa ndani, funga fundo, kata, yeyusha ncha kwa kibiriti cha gesi. Meno ya cherehani yakiacha alama, weka karatasi nyembamba chini, kisha uichane ukimaliza.

Kingo ndiyo kazi yenyewe. Ngozi ya milimita 1 usiiache wazi, ikunje. Unapokata, ongeza milimita 6 za kukunjia. Laza ngozi juu ya kipande cha kioo au marumaru, upande wa nyama (wa ndani, usio na manyoya) juu, uipunguze kwa kisu kikali kwa upana wa milimita 10, ukishuka taratibu hadi unene wa milimita 0.4 mwishoni. Upana huo unazidi kunjo kwa makusudi: pale ngozi inapopinda lazima pawe pembamba, la sivyo kingo inavimba kama bomba. Kisu kikikwama kinazidi kuchimba, kinoe kwanza.

Paka gundi nyembamba pande zote mbili, subiri hadi ukigusa kwa kidole isinate, kwa kawaida dakika 10 hadi 15, kunja, gonga kwa nyundo yenye uso laini. Kwenye kona ya mviringo usikunje kwa mkupuo. Kusanya mikunjo midogo midogo kwa ncha ya maharazi (chombo cha kutobolea ngozi), kama unavyokusanya marinda, kisha punguza vilima vilivyobaki. Ukiamua kukata vipande vya pembe tatu kwenye kunjo, ishia milimita 2 kabla ya mstari wa kunjo, ukiufikia kona itafunguka. Shona milimita 2 hadi 3 kutoka ukingoni, ili sindano ipite kwenye kunjo pia. Kunjo ndilo linaloongezea mshono nguvu.

Mvua za Desemba hadi Aprili huku kwetu zina mtego wake: gundi inapokauka hupoa, unyevu wa hewa unatua juu yake na kuweka ukungu mweupe. Ukibandika hivyo gundi itaachia. Pasha kwa mashine ya kukaushia nywele hadi weupe upotee, ndipo ubandike.

Ukitaka kingo wazi, angalia kwanza ngozi iliivishwa kwa dawa gani. Ya magome ya miti husuguliwa ikang'aa: bandika tabaka mbili, piga msasa namba 400 kisha 600, lowesha kidogo, sugua kwa kipande laini cha mpingo (wachonga vinyago wana mabaki mengi), malizia na nta ya nyuki. Ya kromu (dawa ya chumvi ya madini), ambayo ukiikata kabla ya rangi huwa na ubuluu, haikubali kusuguliwa hata ukeshe. Hiyo ikunje, au ipake rangi ya kingo tabaka tatu nyembamba, ukipitisha msasa kila moja ikikauka.