Umezoea SSX 3, je, ununue SSX ya 2012?

Ndugu, nimekuelewa: umekua na SSX 3, mchezo wa video wa kuteleza kwenye theluji kwa ubao, kwenye PlayStation 2, na unahofia hii ya 2012 itakuudhi.

Nunua, ila usiutafute mlima ule. Kuteremka kutoka kileleni hadi chini bila kukatizwa, raha kuu ya SSX 3, hakumo. Badala yake helikopta inakushusha Himalaya, Alps au Antaktika, kwenye milima iliyochorwa kwa data za setilaiti za NASA. Miteremko ni mipana mno, na mbwembwe za hewani ni rahisi kuliko zamani. Mimi naipenda hivyo. Wewe huenda ukaiona imelegea.

Kabla ya yote, ingia kwenye mipangilio uchague vidhibiti vya kizamani. Zile mbio za hatari, za giza, baridi kali na maporomoko ya theluji, wengi wetu mashabiki wakongwe zinatuchosha. Ukikwama, hamia Explore, sehemu nyingine ya mchezo huo, ucheze utakavyo.

Angalia na mashine yako: diski ya Xbox 360 inakubali kwenye Xbox mpya yenye sehemu ya diski, lakini ya PlayStation 3 haichezi kwenye PlayStation 5.