Ndoto za Kujitambua: Mimi Naogopa Alamu, Ndoto Siiogopi

Tangu nilipowahi kusimulia kwamba usiku mwingine huota huku najua kabisa kuwa naota, swali ni lile lile: mambo haya hayamharibii mtu maisha yake ya mchana? Jibu langu ni kwamba ndoto yenyewe, ikija yenyewe, sijaiona ikimdhuru mtu. Kinachowamaliza watu ni kuitafuta.

Kwa ambaye hajawahi: uko ndotoni harusini, biriani limeshapakuliwa, mara unashtuka. Huyu bwana harusi si ndiye aliyekuwa konda wa daladala sasa hivi? Kumbe naota! Lakini huamki. Unabaki mle mle, na ukiwa na bahati unaweza hata kuamua uelekee wapi. Wataalamu wengi hawakuamini kwamba jambo hilo linawezekana, mpaka Aprili 1975, Keith Hearne wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, alipopokea ishara kutoka kwa mtu aliyelala fofofo, Alan Worsley. Walikuwa wamekubaliana mapema: ukijitambua ndotoni, peleka macho kushoto na kulia mara kadhaa. Mwili mzima hulegea wakati wa kuota, macho ndiyo yanabaki huru. Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akatoa matokeo ya namna hiyo mwaka 1981. Na mwaka 2021 watafiti walimuuliza mwotaji, akiwa ndotoni, 8 toa 6 ni ngapi. Akajibu kwa kupeleka macho mara mbili.

Kwa hiyo si uzushi, wala si kipaji cha wachache. Uchambuzi uliotoka 2016, uliokusanya tafiti za miaka 50, ulikadiria kwamba watu 55 katika kila 100 wameshaota hivyo angalau mara moja, na kama 23 hupata mara moja kwa mwezi au zaidi. Wengi wao hawana shida yoyote. Wanaamka, wanacheka, wanaenda kazini.

Shida inaanza pale mtu anapoipenda na kutaka ije kila usiku. Usingizi wa ndoto nzito huja kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na kadiri usiku unavyokwisha ndivyo vipindi vyake vinavyorefuka. Ndiyo maana mbinu inayofanya kazi kuliko nyingine ni ya kujikatili: unatega alamu saa kumi usiku, unakaa macho kama nusu saa, halafu unarudi kulala ukijisemea moyoni, “nikiota, nitajua naota.” Sisi watu wa pwani tunaifanya bila kuijua. Unaamka kuswali alfajiri, unarudi kitandani kidogo tu, na hapo ndipo inapokuja ile ndoto ndefu ya ajabu mpaka jua linakupiga usoni. Mama yangu hakuupenda kabisa usingizi huo, akisema unafukuza riziki. Kuhusu riziki sina la kubishana naye.

Mimi nafundisha hesabu sekondari, na kipindi cha kwanza ni saa mbili asubuhi. Nikilala saa tano usiku, nikaamka saa kumi, nikarudi kulala saa kumi na nusu na kuamka saa kumi na moja na nusu, nimepata saa sita, tena zilizokatwa vipande. Mtu mzima anahitaji angalau saba. Wiki ya kwanza huoni kitu, kwa sababu ndoto zinakupa furaha ya kukutosha. Baadaye unasimama ubaoni na chaki mkononi, umeandika upande mmoja wa mlinganyo, na upande wa pili haupo kichwani. Mtoto anakuamkia “Shikamoo mwalimu,” unasema “Marahaba” akiwa ameshafika mlango wa darasa la jirani. Karatasi za mtihani unazijumlisha mara mbili, na majibu yanakuwa mawili. Nyumbani, mke wangu alivumilia, halafu usiku mmoja akauliza gizani, “Baba Salma, hiyo alamu ya nani? Wewe huendi kuvua.”

Kuna na daftari. Washauri wote wa mambo haya wanakwambia uandike ndoto zako mara tu unapoamka, na ni kweli kumbukumbu zinaongezeka. Ila zikishaongezeka, zinaanza kuchanganyika na za mchana. Nilikuwa na uhakika kwamba nimemtumia mama mkubwa pesa ya dawa. Niliukumbuka hadi ujumbe wa kuthibitisha, na kiasi, na salio. Kwenye simu hakukuwa na muamala wowote. Siku nyingine niliamka nimemnunia mke wangu kwa maneno aliyonijibu ndotoni, na yeye masikini anakoroga uji, hana habari. Ukiamua kuandika daftari, basi jiwekee sharti: jambo lolote la pesa, ahadi au ugomvi unalolikumbuka asubuhi, litafute kwanza kwenye simu au kwa shahidi kabla hujalitamka.

Mbinu nyingine ni ya mchana. Unajiuliza mara kwa mara, “je, hapa naota?” Unaviangalia viganja vyako, au unabana pua na kujaribu kuvuta pumzi, maana ndotoni pumzi hupita hata pua ikiwa imebanwa. Lengo ni kwamba mazoea hayo yakufuate usingizini. Kwa mtu aliyetulia ni mchezo tu, ingawa walimu wenzangu ofisini walidhani nina mafua. Lakini wako watu ambao hata kabla ya hapo dunia huwajia kama wanaitazama kupitia kioo chenye ukungu: wanajiona kwa mbali, sauti zao wenyewe zinawashangaza. Mtu wa namna hiyo ukimwambia atumie siku nzima kuhoji kama yuko macho, unamchimba palepale penye ufa.

Hili silisemi kwa kubahatisha. Mwaka 2018 Liat Aviram na Nirit Soffer-Dudek wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, waliwafuatilia wanafunzi wa chuo kwa miezi miwili. Kuota ndoto hizi peke yake hakukuhusiana na matatizo ya akili. Kutumia mbinu za kuziita ndiko kulikoambatana na dalili za kujitenga na uhalisia, na dalili hizo ziliongezeka ndani ya kipindi hicho. Utafiti mmoja haufungi mjadala, lakini unafanana sana na niliyoyaona kwa macho yangu, na ndio msimamo wangu mpaka leo.

Jinamizi nalo nilitaje, kwa sababu ndilo linalowatoa watu mbio. Ukirudi kulala huku akili iko macho, mwili unaweza kulegea kabla akili haijazama. Unajiona umelala, chumba ni kilekile, chandarua kilekile, lakini huwezi kuinua hata kidole. Kifua kizito, na mlangoni pamesimama mtu. Pwani yetu tuna historia na hali hii. Unguja na Pemba, mwaka 1995, hofu ya popobawa, shetani aliyesemekana kuwavamia watu usiku, iliwafanya watu walale nje kwa makundi, na wapo watafiti waliohusisha simulizi zile na hali hii ya mwili kuganda usingizini. Ikikupata, usipigane nayo. Pumua taratibu, elekeza nguvu kwenye kidole kimoja cha mguu mpaka kicheze. Hupita ndani ya sekunde au dakika chache. Kulala chali huiongeza, kwa hiyo lala ubavu. Waislamu tumefundishwa kumwomba Mungu kinga na kugeuka ubavu baada ya ndoto mbaya, na katika hilo la ubavu sioni daktari wa kugombana nasi.

Lakini kilichonitia wasiwasi kuliko vyote si usingizi kupungua, ni kuzidi. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, baada ya kupoteza kazi, alikuwa akilala mpaka saa saba mchana. Alinieleza bila aibu: “Kaka, kule naruka. Hapa nadaiwa kodi.” Nilikosa la kumjibu papo hapo. Ndoto hazikumfukuza kazi, wala hazikumletea madeni. Zilimpa tu pahali pa kwenda kila asubuhi ambapo hakuna mwenye nyumba. Ukiona mtu wako anaanza kuusubiri usiku namna hiyo, usimsimange kuhusu ndoto. Mgongee mlango saa tatu, mtoke mkanywe chai, na umuulize habari za kodi. Akiwa hataki kula wala kuonana na watu kwa wiki kadhaa, hayo ni ya kupeleka hospitali, kwani inawezekana ni sonona, na sonona ina tiba.

Sitaki mtu afikiri nazilaani ndoto hizi. Kwa anayeteswa na ndoto moja ya kutisha inayojirudia, kujua ndotoni kwamba “hii ni ile ile, si kweli” kunaweza kuivunja nguvu, na wapo wataalamu wanaolitumia hilo kutibu. Mimi mwenyewe bado nazipata. Nimeacha alamu siku za kazi, nimeacha kujibana pua, na usiku wa kuamkia Jumapili nikirudi kulala baada ya alfajiri, inayokuja naipokea. Dereva wa malori, nesi wa zamu ya usiku, mama mwenye mtoto mchanga: hawa usingizi wao umeshakatwa vya kutosha, wasiukate tena kwa hiari. Na aliyewahi kusikia sauti zisizokuwepo au kuugua ugonjwa wa akili aachane na mbinu hizi kabisa, labda daktari wake aseme vingine.

La mwisho ni vidonge. Mtandaoni wanauza galantamini kama dawa ya kuleta ndoto hizi. Ni kweli imejaribiwa na inaziongeza, lakini ni dawa ya wagonjwa wa Alzheimer's, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Inaleta kichefuchefu na kutapika, na inaweza kupunguza mapigo ya moyo. Kama umeshaagiza, usimeze kabla hujaongea na mfamasia, na umwambie ukweli unaitakia nini.